Dereva wa Serengeti kwenye bonde la Vézère: siku yangu moja ya kazi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inalia, naizima kabla haijamwamsha mama watoto. Chai ya rangi yenye tangawizi, kipande cha mkate wa jana, basi. Nje giza totoro. Huku mwezi wa kumi jua linachomoza saa mbili asubuhi, na miaka yote niliyokaa jambo hili limekataa kunikaa kichwani. Saa yetu inaanza kuhesabiwa jua likitoka. Sasa jua lenyewe likichelewa kazini saa mbili nzima, mtu unahesabu nini?

Kwa wasionijua: nimeendesha Land Cruiser Serengeti na Ngorongoro kwa miaka 11, nikaoa, nikahamia huku. Naishi kijijini, nje kidogo ya mji wa Sarlat, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Kwenye ramani mkoa unaitwa Dordogne kwa jina la mto wake, lakini wenyeji bado wanapenda jina la zamani, Périgord. Kazi yangu haijabadilika sana, nabeba wageni wakaone wanyama. Ila wa huku wamo ukutani, na hawajasogea kwa maelfu ya miaka.

Saa kumi na mbili na nusu nazunguka gari na tochi. Ni la abiria wanane. Napiga teke tairi moja moja, mazoea ya Serengeti, ingawa lami ya huku haina hata jiwe. Nyuma kuna miavuli, sweta tatu za akiba, na kigoda cha plastiki. Kigoda hicho mke wangu alikicheka sana nilipokinunua. Leo ndicho kimeokoa siku.

Saa mbili kasoro robo niko Sarlat. Jumatano ni siku ya gulio, kwa hiyo nimeegesha mbali na katikati ya mji. Wauzaji wanashusha makreti ya uyoga, jibini za mbuzi ndogo kama biskuti, na magunia ya jozi, zile kokwa ngumu ambazo ndani zimekunjamana kama ubongo. Mji wote umejengwa kwa mawe ya rangi ya samli. Ungebomolewa nusu kama isingekuwa sheria ya 1962 ya kulinda miji ya kale, iliyopitishwa André Malraux akiwa waziri wa utamaduni. Sarlat ulikuwa kati ya miji ya kwanza kukarabatiwa chini yake. Kuna hata kanisa la zamani lililogeuzwa soko, limewekewa milango ya chuma mirefu kupita kiasi. Mimi milango ile siipendi, lakini wageni wanaipiga picha kuliko kitu kingine chochote.

Wageni wa leo ni saba. Mume na mke wa Québec, Waholanzi watatu wa familia moja, na wawili wa mwisho nawasikia kabla sijawaona.

"We mtoto, hii baridi ndiyo uliyoniambia kidogo tu?"

Nikageuka. Bibi mtu mzima, kajitanda kanga juu ya koti la sufi, fimbo mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Alaa! Umetokea wapi wewe?"

"Arusha, bibi."

"Mie Tanga, Chumbageni. Nimeletwa na huyu mjukuu wangu, anasoma Bordeaux. Kaniambia tunakwenda kutazama mapango. Nikamwambia Amboni ipo pale nyumbani, bure kabisa."

Bure si bure, lakini sikubishana naye. Nikaweka kigoda chini ya mlango, akapanda, akakaa kiti cha mbele kama mwenye gari.

Saa tatu tunashuka kuelekea Les Eyzies, kijiji kilichomo kwenye bonde la mto Vézère. Ni kilomita 20 na kitu, mwendo mfupi tu, ila ukungu wa mtoni umejaza bonde kama maziwa kwenye bakuli, na mbele yetu trekta limekokota tela la jozi kwa mwendo wa konokono. Ni msimu wa kuvuna. Huku hawapandi juu ya mti. Mashine inakumbatia shina, inalitikisa sekunde chache, na jozi zote ziko chini. Mimi natazama saa. Tiketi zetu za pango la Font-de-Gaume ni za saa nne kamili, na pale ukichelewa hakuna cha kubembeleza. Makundi ni madogo, kwa sababu pumzi za watu zikizidi zinaharibu michoro.

Tumefika zikiwa zimebaki dakika kumi na tano. Kutoka kwenye ofisi ya tiketi hadi mdomo wa pango ni mita kama 400 za kupanda. Bibi akaitazama ile njia, akanitazama mimi. Nikabeba kigoda. Tukapanda, akakaa, tukapanda, akakaa. Yule Mholanzi mkubwa akampa mkono bila kuambiwa.

Ndani huongozi wewe, wana mwongozaji wao. Mabegi mnaacha nje, hugusi kitu, mnapita mmoja mmoja pale pango linapobana. Mwongozaji akazima taa, akabaki na kurunzi moja tu. Aliiweka ubavuni mwa ukuta badala ya kuimulika mbele, akaanza kuisogeza taratibu. Uvimbe wa jiwe ukawa nundu ya baisani, mnyama wa jamii ya nyati. Ufa ukawa mgongo. Mnyama akatoka ukutani, wallahi, kama chui anavyotoka kwenye tawi ulilokuwa ukilitazama dakika tano nzima bila kumwona.

Halafu wale wawili. Ni renne, mnyama wa nchi za baridi wa jamii ya kulungu, ambaye hata jike lake lina pembe. Dume limeinamisha kichwa, pembe zimejikunja kama upinde. Jike limepiga magoti mbele yake. Kuna mstari mmoja mwembamba sana umechongwa kwenye jiwe, huuoni mpaka mwanga uupate kwa pembeni. Ni ulimi. Dume linamlamba jike kipaji cha uso.

Nimeingia mle mara nyingi na bado pale nanyamaza. Miaka 11 nilikaa nyuma ya usukani nikitazama wanyama, na najua kitu kama kile huwezi kukiona ukiwa mbioni na mkuki. Mtu alikaa. Injini imezimwa, kama tunavyosema sisi. Alikaa kimya muda mrefu hadi wanyama wakamsahau, wakaendelea na mambo yao. Michoro yenyewe mwalimu mmoja wa huku aliitambua mwaka 1901, na wasomi wengi wa wakati ule walikuwa bado hawaamini kwamba watu wa zama za mawe wangeweza kuchora hivyo. Walioshangaa hawakuwahi kumfuatilia mnyama siku nzima.

Saa sita mchana Ufaransa yote inakula, na hata ungekuwa na haraka ya kwenda kuzimu ungesubiri. Tumekula palepale Les Eyzies, si mbali na ule mwamba ambapo mwaka 1868 wajenzi wa barabara za reli walikuta mifupa ya watu wa kale, wale ambao dunia nzima inawaita Cro-Magnon. Jina ni la eneo lile lile tu. Tulikuwa tumeahidiwa kwamba mezani pale bibi angepata kitu kisicho na nyama, na mhudumu akaleta bata aliyeiva kwenye mafuta yake. Nikarudi jikoni mwenyewe. Dakika ishirini baadaye akaletewa kimanda cha uyoga na saladi yenye jozi. Bibi akala, akasema chumvi haba, akamaliza.

Meza ya pili alikuwa mzee wa shamba, buti zina tope. Supu ilipobaki kidogo akamimina mvinyo mwekundu ndani ya bakuli, akazungusha, akaliinua kwa mikono miwili akanywa. Ndiyo desturi ya hapa, wanaiita chabrol. Mjukuu akacheka. Bibi akamfinya.

"Na babu yako alikuwa akinywa chai kwenye kisahani. Acha watu."

Saa nane na nusu tuko Montignac, kwenye Lascaux. Hapa ndipo penye ubishi wangu na nafsi yangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pango la Lascaux walilivumbua vijana wanne tarehe 12 Septemba 1940, mkubwa wao Marcel Ravidat, aliyekuwa akijifunza umakanika. Baada ya vita watu wakafurika. Pumzi zao, joto la miili yao na taa vikaanza kuotesha ukijani kwenye kuta ambazo zilikuwa zimekaa salama kwa miaka kama 17,000. Mwaka 1963 Malraux akaamuru pafungwe. Pamefungwa mpaka leo. Unachokwenda kukiona ni nakala. Ya kwanza ilifunguliwa 1983. Tunayoingia sisi ni ya Desemba 2016, imejengwa mguuni pa kilima kilekile, na imefuata kila kovu la mwamba wa kweli.

Mara yangu ya kwanza nilikasirika. Nilisema nimeuziwa feki, ni sawa na kumpeleka mgeni Serengeti ukamwonyesha simba wa plastiki. Siku hizi nasema vingine. Nimeshuhudia magari yakiwazunguka duma wenye watoto mpaka mama anashindwa kuwinda. Nimekuwa mmoja wa magari yale, nikikanyaga mafuta kwa sababu mgeni kalipa. Hawa walikuwa na kitu kinachowaingizia pesa kila siku, wakafunga mlango wenyewe, wakaenda kuhangaika na nakala. Sijui kama sisi madereva tungekubali.

Ndani kuna baridi, sweta zangu za akiba zote zimetoka. Kuna ng'ombe mwitu mwenye urefu wa zaidi ya mita tano juu ya vichwa vyetu. Kuna farasi wengi kuliko wote, wanene, miguu mifupi. Mwongozaji akaeleza kwamba mifupa iliyokutwa kwenye mabaki ya chakula chao ni ya renne, lakini kwenye kuta zote za Lascaux renne aliyechorwa ni mmoja tu. Mama wa Québec akauliza kwa nini wasichore walichokuwa wakila. Mwongozaji akasema wataalamu wanabishana mpaka leo. Nikamtafsiria bibi.

"Wanabishana nini?" akasema. "Mie nimekula dagaa miaka sabini. Nani ametarizi dagaa kwenye foronya? Tunatarizi tausi, na tausi hatujamla."

Nikarudisha kwa Kifaransa, neno kwa neno kadiri nilivyoweza, na dagaa nikawaeleza. Mwongozaji akasimama kidogo. Akaniomba nirudie.

Tukitoka, bibi akaniuliza kama kwetu ipo michoro ya namna hii. Ipo, nikamwambia, Kondoa, pale Kolo, miamba ina watu warefu wembamba na twiga na pofu kwa rangi nyekundu, na tangu 2006 imo kwenye Urithi wa Dunia, kama bonde hili lilivyoingizwa 1979.

"Umeiona?"

Nimepita Kolo mara zisizo na idadi, nikipeleka magari Dodoma. Kibao kipo barabarani. Sikuwahi kusimama.

"Hapana, bibi."

Hakusema kitu. Alifungua pochi akatoa ubuyu, akanipa punje mbili.

Saa kumi na moja jioni tumeingia La Roque-Gageac, kwenye mto Dordogne. Nyumba zimebanwa kati ya maji na jabali, na jabali si rafiki. Mwaka 1957 kipande kiliporomoka kikaua watu watatu. Lakini jiwe hilo linatazama kusini, linatunza joto, ndiyo maana kuna bustani yenye miti ya kigeni ya jamii ya minazi, na migomba. Bibi aliukagua mgomba mmoja, akasema majani mazuri.

Tukapanda boti la mbao la watalii, lililoigwa kwa zile mashua bapa zilizoitwa gabarre. Za zamani zilikuwa zikishusha mbao kutoka milimani, za kutengenezea mapipa ya mvinyo, na nyingi hazikurudi. Maji ya kushuka yapo, ya kupanda hakuna, basi zikifika chini zinavunjwa, zinauzwa kama mbao. Marehemu mume wa bibi alikuwa nahodha wa jahazi. Hadithi hii ilimuuma.

"Chombo kikufikishe salama, halafu ukivunje?"

Kutoka majini unaiona ngome ya Castelnaud juu ya mlima. Wakati wa Vita vya Miaka Mia Waingereza waliishika, na Beynac, ngome ya pili ng'ambo ya mto, ilikuwa ya Wafaransa. Mjukuu alitaka twende Milandes, kasri alilowahi kuishi Josephine Baker, yule mwimbaji na mcheza dansi mashuhuri, na watoto 12 aliowalea, lakini giza linakuja. Nimemwahidi siku nyingine.

Saa moja kasoro usiku nawashusha Sarlat. Bakshishi ya Waholanzi nzuri, ya Québec wastani. Bibi kanipa pakiti nzima ya ubuyu na dua ndefu, nimesimama na kigoda mkononi mpaka akamaliza.

Saa mbili nimekwisha fagia gari. Chini ya kiti cha nyuma nimeokota jozi tatu na kitambaa cha kufutia miwani. Watoto wameuvamia ubuyu, meza yote nyekundu. Nimemwandikia kaka mmoja tuliyekuwa naye kazini Arusha, bado yuko barabarani, nikamuuliza kama siku hizi anawapitisha wageni Kolo kwenye ile michoro.

Kajibu palepale: "Kolo ya Kondoa? Napita tu kaka. Wanataka simba."