Siku udongo wa shangazi ulipoyeyuka

Shangazi yangu alikuwa mfinyanzi huko Kisarawe tangu kabla sijazaliwa. Udongo wake ni mwekundu, wa bondeni, na huuchanganya na vigae vilivyotwangwa ili chungu kisipasuke motoni. Huchoma uwanjani kwa kuni na makuti. Moto wa namna hiyo hupita nyuzi 900 kwa nadra, nao humtosha kabisa.

Mimi kazi hiyo nilijifunzia Dar es Salaam, kwenye karakana yenye tanuri la gesi linalofika nyuzi 1,280. Glezi, ile dawa inayopakwa juu ya chombo ikayeyuka motoni na kung'aa kama kioo, tulinunua za unga, kutoka nje, kwa bei ya kuumiza. Jambo hilo lilinikera. Vilima vya Pugu vina tele kaolini, udongo mweupe wa kufinyangia, majivu hayakosekani kwa mama ntilie yeyote, iweje kila kinachong'aa juu ya bakuli letu kipandishwe meli kwanza?

Nikakata vigae vya majaribio kwa udongo wetu mweupe uliotiwa kaolini ya Pugu. Kimoja nilikipaka majivu ya kuni, kingine majivu ya pumba za mpunga, vingine majivu na feldspa, unga wa jiwe linaloyeyuka motoni, kwa vipimo tofauti. Kimoja nilikipaka udongo wa shangazi mtupu, uliochekechwa na kukorogwa kwa maji hadi ukawa mzito kama uji. Kisha nikafinyanga kikombe kidogo cha udongo huohuo, nikakiweka tanurini ndani ya bakuli kuukuu, maana nilishuku hakitasimama.

Siku ya kufungua tanuri nilimwita shangazi. Alikuja na kanga yake nzuri, akaitikia shikamoo za vijana wote, akakaa karibu kabisa na mlango.

Majivu ya mpunga yalitoka meupe, makavu, yakipukutika kidoleni. Karibu yote ni silika, madini yaleyale ya mchanga mweupe, na silika peke yake haiyeyuki hadi zipite nyuzi 1,700. Ya kuni yana chokaa nyingi, kwa hiyo yalitiririka, yakaacha michirizi ya kijani hafifu. Kikombe kilikuwa kimelala chini ya bakuli, hakina umbo tena.

Kisha nikampa kigae chake. Kilikuwa cha kahawia iliyokolea, karibu na weusi, kinang'aa, na pembeni palipopakwa kwa wepesi palikuwa pekundu.

"Huu ni wangu?"

"Wako, shangazi."

"Mmetia nini?"

"Maji tu. Chuma na madini mengine yaliyomo ndiyo yanayouyeyusha kwenye moto mkali."

Akakigusa kwa ulimi. Kigae cha chungu chake hunata ulimini kwa sababu hunyonya maji, hiki hakikunata. Akakigusa tena, akanitazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake.

"Kinapikia?"

Nikamwambia hapana, udongo wetu mgumu ungepasuka juu ya mkaa, chungu chake ndicho kinachostahimili.

"Basi hiki cha kunywea, changu cha kupikia," akasema. Kisha akaanza kunieleza habari za udongo wa ng'ambo ya mto, wa manjano, ambao wafinyanzi wa kwao huukwepa kwa sababu hauna nguvu. "Huo je, mmeujaribu?"

Wiki iliyofuata bodaboda aliniletea ndoo ya udongo wa manjano, na mfuko wa majivu ya makuti ambao sikuwa nimeuomba.