Eti Afrika tushawahi kusikia Methodist?

Jamani leo nimekasirika. Agenti wa nyumba hapa County Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kanipeleka kuona bedsita, kufika ni kanisa! Pauni 480 kwa mwezi na hita hujalipa, Mtwapa hiyo pesa mwajua wenyewe inapanga nini. Wametia sakafu katikati, lile dirisha refu la kanisa limekatwa, huku juu umebakishiwa kipande cha tao kinachoanzia magotini, ukitaka kuona nje uiname. Mlangoni jiwe limeandikwa Primitive Methodist, tawi la zamani la dhehebu la Methodist, na huyo kijana agenti ananiuliza kama Afrika tushawahi kusikia Methodist. Mimi, mtu wa Ribe, Kilifi! Wamishonari Wakefield na Krapf walianzisha misheni ya Methodist kwetu 1862, tawi lingine lakini ukoo ni huo huo.

Na kumbe ya kwao hayajui. Vijiji hivi vilikuwa vya makaa ya mawe, nyumba za kampuni, mkigoma mnatupiwa vyombo nje. Kanisa ndio kitu wachimbaji walijijengea wenyewe kwa kuchanga visenti, angalia chini ukutani uone mawe yana majina ya waliochanga. Na mhubiri mara nyingi ni mchimbaji tu, wiki nzima yuko shimoni, Jumapili yuko mimbarini. Humo ndimo walijifunza kusimama mbele za watu, kuendesha mkutano, kushika hesabu, halafu mabosi wakaja kukiona. Tommy Hepburn aliyeongoza chama cha wachimbaji 1831 alikuwa mhubiri. Peter Lee aliingia mgodini na miaka 10, naye akahubiri, 1919 akawa mwenyekiti wa baraza la kaunti, mji wa Peterlee ni jina lake.

Mbona sasa makanisa haya yanauzwa? 1932 matawi matatu ya Methodist, Wesleyan, Primitive na United, yaliungana, kijiji kidogo kikajikuta na makanisa mawili matatu ya dhehebu moja. Halafu migodi ikafa, mgodi wa Easington ukafungwa 1993, vijana wakahama, wakabaki wazee na paa linalovuja.

Nyie mnaotaka kuja, kabla ya kulipa diposti ulizeni hita ni ya gesi au ya umeme, nyumba ya mawe yenye dari ndefu itakumaliza. Na mkitafuta ibada msiende tu Jumapili mkagonga mlango, ulizeni ratiba ya sakiti, yaani kundi la makanisa ya Methodist ya eneo moja, mchungaji mmoja huku ana makanisa kadhaa na mengine hayafunguliwi kila wiki.