Saa Chache za Muttrah

Sisi watu wa Mji wa Kale, Mombasa, tuna mzaha wetu kuhusu wageni wa meli: asubuhi wanashuka, wanapiga picha Fort Jesus, wananunua vinyago, na jioni wamekwenda zao wakisema wameijua Mombasa. Leo zamu yangu. Meli yetu ya kutoka Dubai imefunga gati Muscat, Oman, alfajiri, na kabla ya saa kumi kila abiria awe ameshapanda.

Wengi walikuwa wameshalipia basi la matembezi: Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, kasri la Al Alam, makumbusho, kisha sokoni kidogo. Msikiti huo, uliofunguliwa mwaka 2001, ni wa kuonwa kweli, lakini uko mbali na bandari, na wasio Waislamu huingia asubuhi tu, kwa hiyo mabasi yote hukimbilia huko kwa pamoja. Nikamwambia shangazi, ambaye ndiye niliyefuatana naye, kwamba mimi nusu ya siku siipotezi garini. Bandari yenyewe iko Muttrah, sehemu ya Muscat. Meli za mizigo zilihamishiwa bandari ya Sohar mwaka 2014, na ukitoka getini tu uko barabara ya pwani, soko liko mbele yako.

Tulianza na soko, maana adhuhuri maduka hufungwa na hayafunguliwi mpaka alasiri, wakati sisi tuko njiani kurudi melini. Maduka ya mlangoni ni skafu na ngamia wa kuchezea, yapite. Ndani zaidi vichochoro vinazidi kuwa vyembamba, na moshi wa ubani unakupokea kabla hujaliona duka.

Shangazi aliokota punje moja, akaninong'oneza, "Huu ubani kweli, au gundi?"

"Ubani mama, tena hojari, ule wa daraja la juu," akajibu mzee mwenye duka, hata kichwa hakuinua.

Tukaangua kicheko wote watatu. "Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Wa wapi nyie?"

"Mombasa."

"Mimi mtoto wa Malindi. Malindi ya Unguja, si hiyo yenu."

Aliondoka Unguja kijana. Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970, Waomani wengi waliokuwa Afrika Mashariki walirudi, naye akiwemo. Kiswahili chake kimebaki cha Unguja ile ile, cha kuvuta maneno, na alituuliza bei ya karafuu kana kwamba tumeshuka jahazini. Akatuonyesha namna ya kuchagua ubani wa Dhofar, kusini mwa Oman: unashika punje uielekeze kwenye mwanga. Nyeupe yenye kijani kwa mbali na inayopitisha nuru, hiyo ndiyo ya juu. Ya hudhurungi, yenye maganda, ni ya kufukizia nyumba siku za kawaida. Akatupa punje moja kwenye kaa la chetezo. Haikutoa moshi mzito mweusi, ilitokota taratibu ikanukia kama ndimu. Shangazi alinunua nusu kilo baada ya kupatana bei muda mrefu kuliko ilivyostahili. Nadhani alitaka tu kuendelea kuzungumza.

Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali tulipopanda ngazi za ngome ya Muttrah. Shangazi alikaa kivulini chini, hakutaka masihara na magoti yake. Ngome ni ya Wareno, na Waomani waliwafukuza hapa Muscat mwaka 1650. Ni Waomani hao hao walioizingira Fort Jesus karibu miaka mitatu mpaka wakaichukua mwaka 1698. Nimepita chini ya kuta za Fort Jesus nikienda shule, na mwalimu alitufundisha tarehe hizo tukazikariri, lakini upande wa pili wa habari yenyewe sikuwahi kuuona. Kutoka juu unaiona ghuba ilivyojificha kati ya majabali makavu, na unaelewa kwa nini kila mwenye merikebu aliitaka.

Saa zilizobaki tulizimalizia kwenye halua na kahawa chungu ya hiliki. Halua ya hapa ni laini kuliko yetu, zafarani imezidi, samli pia. Shangazi anashikilia kuwa ya Mombasa inaishinda, lakini bakuli la kupeleka nyumbani tulilonunua limeshafunguliwa, na Dubai hatujafika.