Sasa utasahihishaje?

Tangu Jumanne swali hilo halijanitoka. Send-off ya Rehema imepita salama, mkuu wetu wa shule kapata uhamisho, na mimi mawazo yangu yako kidato cha tatu, nimesimama na chaki mkononi.

Somo lilikuwa mitandao, yaani vitu vinavyounganishwa na njia. Nilianza na madaraja saba ya mji wa Königsberg, yale ambayo mwanahisabati Euler alithibitisha mwaka 1736 kwamba huwezi kuyavuka yote, kila moja mara moja tu. Walichora, wakabishana, wakafuta, hadi wakaona wenyewe: kila kipande cha ardhi kina madaraja idadi witiri, lazima ukwame. Hata wale waliodhani mtandao ni bando la simu walielewa. Nilifurahi mno.

Ndipo nikawauliza la kwetu: katika njia za daladala za Dar, kituo gani kikifungwa kitatuvurugia safari kuliko vyote? Binti wa dawati la nyuma akasimama.

"Mwalimu, jibu unalo?"

"Sina. Tutalitafuta pamoja."

"Sasa utasahihishaje?"

Nikamwambia nitasahihisha njia aliyopita. Akakaa, akafunga daftari. Kule kulifunga ndiko kulikoniuma. Tangu darasa la kwanza tumemzoesha kwamba kila swali lina jibu na jibu analo mwalimu, halafu namtaka abadilike kwa kipindi kimoja. Ningemwambia kwamba watafiti wote huanzia hapo alipo yeye. Nimeirudia sentensi hiyo njiani, jikoni, hata ukumbini kwenye send-off.

Jana kaja ofisini na daftari lile lile. Kamhoji mjomba wake, konda, akaorodhesha njia 23, akazichora: kituo ni nukta, njia ni mstari. Kariakoo ina mistari mingi kuliko vituo vyote, lakini akiifuta, magari bado yanazunguka kwa Barabara ya Mandela. Akifuta Tazara, Gongo la Mboto inabaki imeshikwa na uzi mmoja tu.

"Kumbe chenye mistari mingi siyo lazima kiwe ndicho kinachoshikilia wengine?"

Linton Freeman, mtafiti wa mitandao ya watu, alichapisha kipimo cha jambo hilo hilo mwaka 1977. Huyu kalifikia kwa peni na mjomba. Mikono ilinitetemeka.

"Nimepata, Mwalimu?"

"Sijui. Kuna njia gani mjomba hakukutajia?"

Akavuta kiti, akaanza kuhesabu upya. Kengele ililia, hatukunyanyuka.