Ndiyo, Ninalipa Ili Nijitolee

Nimeambiwa mbele za watu, kwenye ubarikio wa mtoto wa rafiki yetu hapa Houston, kwamba Marekani imenichanganya akili. Aliyesema hivyo ni shemeji yangu, mtu ninayemheshimu kwa mambo mengi, na hoja yake ilikuwa fupi: mbeba maboksi, yaani mhamiaji wa kazi za sulubu kama mimi, mwenye akili timamu hawezi kutoka zamu ya usiku, akalala saa chache, kisha akavaa sare za jeshi la watu kwenda kufanya kazi isiyo na mshahara, tena akilipa ada kila mwaka ili aruhusiwe kuifanya. Watu walicheka, nami nikacheka nao, kwa sababu pilau ilikuwa imeshapakuliwa na si adabu kugombana mbele ya chakula. Jibu langu naliandika hapa kwa utulivu, na kwa urefu ambao meza ile isingeuvumilia.

Chombo anachokisema shemeji kinaitwa Civil Air Patrol. Ni shirika la raia wanaojitolea, ambalo tangu mwaka 1948 linatambuliwa kisheria kuwa msaidizi wa Jeshi la Anga la Marekani. Lilianzishwa tarehe 1 Disemba 1941, siku chache kabla ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, na kazi iliyolipatia jina ilifanywa na marubani wa kiraia wenye ndege zao ndogo, waliozunguka pwani kutafuta nyambizi za Wajerumani zilizokuwa zikizamisha meli za mafuta. Mwanzoni hata silaha hawakuwa nazo. Leo lina ndege zaidi ya 500, nyingi zikiwa Cessna za injini moja, za ukoo mmoja na zile zinazopakia watalii pale Terminal One ya Dar. Wanachama si askari. Hatupewi bunduki, hatupelekwi vitani, na hakuna mkataba unaomfunga mtu kuingia jeshini baadaye.

Kuhusu hizo sare, shemeji angeniuliza kwanza. Mtu mzima anayetaka kuvaa zile zinazofanana na za Jeshi la Anga ni lazima atimize masharti ya uzito na ya unadhifu, na mimi nina ndevu na kitambi ambavyo vyote viwili nimevipata kihalali. Kwa hiyo navaa fulana ya kola ya rangi ya buluu iliyokoza na suruali ya kijivu, kama mtu wa mapokezi ya benki.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Ndege ndogo ikipotea, kituo cha uratibu wa uokoaji cha Jeshi la Anga kilichoko Tyndall, Florida, huweza kukabidhi utafutaji kwa vikosi vyetu, na safari ya namna hiyo mafuta yake hulipiwa na jeshi, sisi hatulipwi. Kimbunga Harvey kilipoifunika Houston kwa maji mwezi Agosti 2017, ndege hizi ziliruka juu ya mitaa yetu zikipiga picha ili serikali ijue ni wapi pamezama na ni wapi panapitika. Mimi si rubani. Ninakaa kiti cha nyuma na kutazama chini, nikilisimamisha jicho mahali pamoja, kisha nikilihamishia pengine kwa mpangilio tuliofundishwa, maana jicho linaloteleza tu juu ya ardhi haliokoti kitu. Jua la mchana la Texas huifanya ndege ndogo irukeruke kwelikweli, na mfuko wa kutapikia huwekwa mahali ambapo mkono unaufikia upesi.

Wanaodhani kujitolea ni ugonjwa wa Wazungu nawakumbusha Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na jina la kijana Majaliwa Jackson tunalijua sote. Watu 19 walikufa. Moyo hatukukosa siku ile. Kilichokosekana ni mazoezi, redio, kamba, na mtu aliyepangwa tangu jana kujua nani aende wapi. Hiyo ada yangu ya mwaka inanunua mambo hayo hasa, yaani kufundishwa kabla ya msiba.

Hata hivyo mimi nilivutwa na binti yangu. Kadeti, yaani wanachama vijana, huanza wakiwa na miaka 12, na yeye aliingia kabla yangu. Kila kadeti ana haki ya safari tano za kufunzwa katika ndege ya injini na tano katika ndege isiyo na injini, bila mzazi kutoa senti. Mnaojua saa moja ya mafunzo ya urubani inauzwaje kwetu, na ni watoto wa akina nani wanaoweza kuinunua, mtaelewa kwa nini nilikaa kimya siku aliyopanda mara ya kwanza. Kabla ya kuruka, rubani, mzee mstaafu, alimpa kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, akamwelekeza kukinga mafuta kidogo chini ya bawa na kuyainua kwenye jua. Mafuta ya ndege hizo yana rangi ya samawati. Maji yakiwemo hutulia chini kama tone lisilo na rangi. Binti yangu aliyatazama kwa makini ambayo sijawahi kuyaona kwenye kazi zake za shule, akatamka kuwa yako safi, na ndipo mzee akaendelea na ukaguzi. Huko juu alimwachia usukani kwa muda. Aliporudi alizungumzia mafuta kuliko mawingu.

Buti zake za kwanza zilitoka kwenye kabati la kikosi, zikiwa zimevaliwa na watoto wengine waliokua. Mitumba, kwa jina tunalolijua, na hakuna aliyemnyanyapaa.

Shemeji alisema pia kwamba hilo ni genge la Wazungu. Katika kikosi chetu wengi ni Wazungu, sikatai, na yupo mmoja anayeniuliza kila tukikutana kama kwetu kuna viwanja vya ndege. Lakini Willa Brown, mwanamke mweusi wa Chicago aliyefundisha urubani vijana weusi wakati milango mingi ilikuwa imefungwa, alikuwa afisa wa shirika hili tangu mwaka 1942.

Jambo moja lilinichoma mwanzoni, nalo ni kuchukuliwa alama za vidole zipelekwe FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Mhamiaji akisikia herufi hizo tumbo humcheza hata kama hana kosa. Niliposimama kwenye foleni moja na daktari mstaafu wa Kizungu, naye akipakwa wino kama mimi, hasira ilipungua. Na nilipoelewa kwamba kwa kawaida mtu mzima haruhusiwi kubaki peke yake na mtoto wa wenzake, ilikwisha kabisa. Waliosomea bweni nyumbani hawahitaji maelezo zaidi.

Kwa wanaofikiria kuja huku na watoto wao, nasema wazi: aliye na viza ya matembezi asidhani atapitia mlango huu. Kwa sisi tusio raia, huulizwa karatasi za ukaazi wa kudumu, na hakuna ujanja wala sababu ya kuujaribu. Asije pia anayetafuta ajira. Kadeti akifikia tuzo ya Mitchell, moja ya ngazi za mafunzo yao, kisha akachagua kwa hiari kujiunga na Jeshi la Anga, huanza na cheo cha juu kidogo kuliko wenzake, na zipo fedha za kusomea urubani zinazoshindaniwa, lakini mzazi anayempeleka mtoto kwa hesabu hizo pekee atachoka kabla ya mtoto. Mikutano ni ya jioni, kila wiki, na dereva ni wewe.

Binti yangu hana mpango wa jeshi. Anataka uhandisi wa ndege, mama yake anataka asomee uuguzi kama dada zake wote wa Tanga na Dallas, na mjadala huo bado haujaisha nyumbani kwetu.