Nilivyopeleka maoni kuhusu ramani ya mtaa wetu, nikiwa mpangaji tu

Umoja 1, mtaa wa Nairobi, ilijengwa miaka ya 1970, nyumba za chini zenye familia moja moja. Leo mimi napanga katika ghorofa ya nne ya jengo lililosimama juu ya ploti ya namna hiyo. Mvua za Aprili zikianza, shimo la majitaka lililo mbele ya lango letu hufurika, na mama mboga huhamisha meza yake hadi ng'ambo ya barabara.

Ndiyo maana niliposikia kuna rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi, na siku kama 40 za kupokea maoni, sikulala. Jirani yangu Mama Kevo aliniambia, "Dada, hayo ni ya wenye ploti. Sisi wapangaji tutasema nini?" Nilimjibu kwamba kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinataja ushirikishwaji wa wananchi, hakisemi wenye hati miliki. Na majitaka yakifurika hayaulizi nani ana hati.

Kilichonisumbua zaidi ni kuipata ramani yenyewe. Mara mbili nilikwenda ofisini nikaambiwa nirudi kesho. Mara ya tatu nilikwenda na barua, nikaitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inayompa afisa siku 21 za kujibu, nikadai nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku ya 18 nikapigiwa simu.

Tuliifungua saiba, yaani duka la intaneti, watu sita tumejibana kwenye skrini moja. Kwa mipango ya Kenya, kahawia ni makazi, nyekundu ni biashara, zambarau ni viwanda, kijani ni mahali pa kupumzikia. Mstari wetu wa nyumba ulikuwa umetiwa nyekundu na kahawia, majengo yakiruhusiwa kupanda hadi orofa nane. Kiwanja ambacho watoto huchezea mpira hakikuwa kijani. Mama Kevo alikiangalia kwa muda mrefu bila kusema neno. Mwanawe hucheza pale.

Basi tukaanza kuhesabu. Jumamosi mbili tulipita lango kwa lango: milango mingapi, maji yanafika siku ngapi kwa wiki, shimo limefurika mara ngapi tangu Januari. Wenye nyumba wawili walitufukuza. Mzee mmoja, mwenye ploti tangu mtaa ulipoanza, alitukaribisha chai na kutuonyesha bomba la majitaka lilipopita chini ya ua wake. Bila huyo mzee tusingejua kwamba bomba moja linabeba majitaka ya mistari mitatu ya nyumba.

Niliandika kurasa mbili kwa Kiswahili. Kila ombi nililiweka peke yake, pamoja na namba ya ploti au jina la barabara: bomba lipanuliwe kabla kibali cha orofa zaidi kutolewa; kiwanja kipakwe kijani; kando ya barabara paachwe nafasi ya vibanda na ya kuegesha magari. Walitia sahihi watu 63, wengi wao wapangaji.

Kwenye baraza la kutoa maoni kila mtu alipewa dakika tatu. Wengi walisimama wakapaza sauti kwamba hawataki maghorofa, na niliwaelewa, lakini afisa hakuandika chochote. Nilipotaja bomba la mistari mitatu, aliinua kichwa akaniuliza liko upande gani. Nilimwonyesha kwenye ramani yake mwenyewe, kisha nikampa karatasi zetu.

Rasimu ya pili ilipotoka, sharti la bomba lilikuwemo, kwa maneno yanayokaribia yetu. Nafasi ya vibanda haikuguswa. Kiwanja kilipakwa kijani nusu tu, ile nusu nyingine bado ni nyekundu, na Jumamosi hii tunakwenda na Mama Kevo na yule mzee kuipima kwa kamba kabla muda wa maoni ya rasimu hii haujafungwa.