Kuitafuta Pemba kwa majina yake yote

Bibi yangu, mzaa baba, hahesabu miaka kwa tarakimu. Anahesabu kwa mambo: mwaka wa njaa, mwaka wa Mapinduzi, mwaka mikarafuu ilipozaa hata matawi yakavunjika. Wa mbali kuliko yote, ambao yeye mwenyewe kauhadithiwa na wakubwa zake, ni mwaka wa kimbunga. Babu wa babu yake alikuwa na shamba Unguja. Kimbunga kikamng'olea mikarafuu yote, akapanda chombo akaja Pemba, akateremka hapa Wete na jembe lake. Ndiyo asili yetu.

Msimu uliopita tumekaa uani tunachambua karafuu, huku karafuu, huku makonyo, akaniuliza: "Mwanangu, weye si mwalimu? Hicho kimbunga kimeandikwa wapi?"

Nikamwambia nitakitafuta.

Zamani ningeingia maktaba moja moja mtandaoni, kila moja na ukurasa wake na desturi zake, na bando likaisha nikiwa bado maktaba ya tatu. Safari hii nilitumia chombo kinachouliza maktaba nyingi kwa mkupuo mmoja. Kinaitwa KVK, kifupi cha Karlsruher Virtueller Katalog, na kilianzishwa mwaka 1996 katika maktaba ya chuo kikuu cha Karlsruhe, Ujerumani. Chenyewe hakina kitabu hata kimoja, wala hakitunzi orodha ya vitabu. Unaandika neno lako mara moja, unatia tiki kwenye maktaba unazozitaka, nacho kinalipeleka neno lile kote kwa wakati mmoja. Ni sawa na mama anayewatuma watoto wote wa nyumba waende kila mlango wa mtaa na swali moja: mna chumvi? Mmoja anarudi mbio, mwengine anachelewa. Anayechelewa kupita muda uliowekwa hangojwi, kwa hiyo usiamini kuwa hakuna kitu mpaka utazame kama maktaba ile ilijibu kweli.

WorldCat, ambayo wengi wanaijua zaidi, ina njia nyengine. Ilianza mwaka 1971 kule Ohio, Marekani, na maktaba zenyewe ndizo zinazopeleka taarifa za vitabu vyao kwenye ghala moja, kama sisi tunavyopeleka karafuu zetu ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Hapo unatafuta ndani ya ghala. Kwenye KVK unabisha milango. Nimezipenda zote mbili, lakini KVK ndiyo iliyonifunza kitu.

Niliandika "Pemba" peke yake, na nikaletewa Msumbiji. Kuna mji wa Pemba kule Cabo Delgado, ambao Wareno waliuita Porto Amélia mpaka uhuru wa mwaka 1975, na una maandishi mengi kwa Kireno. Nikaongeza "Zanzibar", mambo yakatulia kidogo. Lakini Wajerumani wanaandika "Sansibar", na nilipobadili z zote mbili kuwa s vikatokea vitabu ambavyo mwanzo havikuwepo kabisa. Karafuu kwao ni "Gewürznelken". Ukikata ukaandika "Nelken" tu, unachanganyiwa na vitabu vya maua, maana kuna ua lenye jina hilo hilo.

Kisha nikakumbuka jina ambalo wazee wetu waliosoma chuo cha Kurani walikuwa wakilitumia: al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani. Moyo ulinidunda nilipoona orodha ndefu. Nikaanza kusoma moja moja, kumbe nyingi ni za Hispania! Mji wa Algeciras umepata jina lake kwa maneno yale yale ya Kiarabu. Na hata hilo jina haliandikwi namna moja: kwenye maktaba za Ujerumani herufi jimu inaandikwa g yenye kialama juu yake, Waingereza wanaandika j, Wafaransa mara nyingi dj.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ilipo. Chombo kinabeba neno kama ulivyokipa. Kujua kwamba Sansibar na Zanzibar ni mahali pamoja, kwamba vitabu vya zamani vya Kiingereza vinaiandika Wete "Weti" na Chake Chake "Chaki Chaki", hiyo ni kazi ya anayetafuta, na sisi wenyeji tuna la kuwazidi wengi, kwa sababu tumeyasikia majina haya yote nyumbani. Wanafunzi wangu sasa, kabla hawajagusa kompyuta, nawaandikisha kwanza kila jina la kitu wanachokitafuta.

Kimbunga nacho nilikipata kwa neno "hurricane", ndilo Waingereza wa wakati ule walilotumia. Ilikuwa Aprili 1872. Kiliangusha minazi na mikarafuu mingi mno ya Unguja, Pemba ikasalimika pakubwa, na tangu hapo ndiyo Pemba ikashika uongozi wa karafuu mpaka leo. Vilijitokeza kitabu cha Craster juu ya Pemba, cha mwaka 1913, na cha Pearce juu ya Zanzibar, cha mwaka 1920. Kila kimoja kilirudiwa mara nyingi, kwa vile kila maktaba inajibu kivyake. Kuna kisanduku cha kuomba vilivyomo mtandaoni tu. Nikakitia tiki, nikapata cha Craster kizima, nikakisoma hapa hapa Wete bila kulipa kitu.

Kilichoniuma ni kwamba kwenye orodha ya nchi sikuiona yetu. Nyaraka zetu zipo kwenye jumba la nyaraka la Kilimani, Unguja, na mkusanyiko wa maandishi ya Kiarabu uliopo pale umo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2003. Mlango ule KVK haiubishi. Natamani sana siku moja mtoto wa Micheweni aandike neno na Kilimani ijibu pamoja na Berlin na London. Kwa sasa ni kupanda boti.

Bibi nilimsomea nilichokipata, nikitafsiri. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Hao wameandika miti. Watu je? Ukenda Unguja, mtafute babu." Akanitajia jina kamili, bin baada ya bin. Nililiandika mara tatu: kwa herufi za Kiarabu, kwa tunavyolitamka sisi, na kwa namna karani wa Kiingereza angelisikia.